Subaru Impreza ya Zamani na Pesa Inazokula

Subaru Impreza yenye turbo, hasa ya miaka ya 1992 hadi 2007, ni miongoni mwa magari machache ambayo Afrika Mashariki hununuliwa kwa mapenzi kabla ya mahitaji. Kwa kawaida mnunuzi hupiga hesabu ya bei ya gari, akaongeza ya bima na usajili, akaona mambo yamekamilika. Pesa kubwa huanza kutoka baada ya hapo, na hutoka kwa mpangilio unaoweza kutabirika. Kwanza hulipwa deni la matengenezo waliloliacha wamiliki waliotangulia. Kisha gari hulishwa petroli, oili na matairi. Kuongeza nguvu huja mwisho. Anayeupindua mpangilio huo, akaanza na nguvu, mara nyingi hulipia injini moja mara mbili.

Impreza ilizinduliwa mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikaanza kuchukua nafasi ya Legacy katika mashindano ya dunia ya mbio za magari. Colin McRae, Mskoti, alitwaa nayo ubingwa wa madereva mwaka 1995, na kampuni ikachukua taji la watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Kenya ilikuwa na sababu zake za kuipenda. McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Mwingereza Richard Burns akaishinda ya mwaka 2000 kwa gari hilohilo. Kabla yao Mkenya Patrick Njiru alikuwa amekwisha kuizoesha nchi kuona Subaru ikipita kwenye vumbi la Safari. Wengi wanaozitafuta Impreza leo ni watu waliokuwa watoto wakati huo, na sasa wana mishahara. Ndiyo maana gari la umri wa miaka 25 linaweza kuulizwa bei kali kuliko sedani ya kawaida iliyo na nusu ya umri wake.

Kiini cha gari hili, na cha gharama zake, ni injini iitwayo EJ20. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ujazo wa sentimita za ujazo 1,994. Familia ya EJ ilianza na Legacy mwaka 1989 na EJ20 ikaendelea kutengenezwa hadi 2019, Subaru ilipoiaga kwa toleo la magari 555 ya WRX STI, gari lake la kasi lililotokana na Impreza. Miaka 30 hiyo ni neema kwa mmiliki wa Nairobi au Dar es Salaam, kwa sababu injini za familia hiyo zimo pia ndani ya Forester na Legacy zilizojaa barabarani. Pampu ya maji, sensa, mkanda wa taimingi, beringi za magurudumu na vikorokoro vingine vingi hupatikana popote penye Forester mbovu. Mwenye Mitsubishi Lancer Evolution hana soko kama hilo, na tofauti hiyo huonekana kila anapotafuta kifaa.

Kupata gari lenyewe hutegemea nchi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Impreza za kizazi cha kwanza, ambazo mafundi huzitaja kwa namba ya bodi GC8, ziliacha kutengenezwa mwaka 2000, kwa hiyo mlango wao ulifungwa karibu na 2008. Kizazi cha pili, GD, kiliishia 2007 nacho kikafungiwa karibu na 2015. Zilizobaki Kenya ndizo hizo zilizopo, na kila inayogongwa na kukatwakatwa kwa ajili ya spea huipunguza idadi. Gari safi lisiloguswaguswa limeacha kushuka bei, na muuzaji analijua hilo. Uganda nayo iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018.

Tanzania haikufunga mlango, iliweka kodi. Chukua mfano wa gari lenye thamani ya shilingi milioni 10 likiwa limefika bandarini, bima na usafiri vikiwemo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi ujazo wa 2,000 ni asilimia 5 ya jumla hiyo, yaani 625,000. Gari lililozidi miaka 10 huongezewa ushuru wa umri wa asilimia 30, ambao hapa ni 3,750,000. Juu ya vyote huja VAT ya asilimia 18, yaani 3,037,500. Jumla ni shilingi 9,912,500 kabla ya tozo ndogondogo, kwa hiyo gari la milioni 10 linakaribia milioni 20 kabla halijagusa barabara. Wala thamani inayotumika si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye ankara. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina viwango vyake vya thamani kwa magari yaliyotumika. Mwenye injini ya EJ25, yenye ujazo wa 2,457, huangukia kwenye asilimia 10 badala ya 5.

Kuna mnunuzi mwingine ambaye wengi hawamhesabu. Sheria ya Marekani huliruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia nchini humo bila kukidhi viwango vya usalama vya magari mapya. Impreza za miaka ya 1990 zimefika umri huo, na Wamarekani wanazinunua Japani kwa dola hata kama usukani uko upande usio wao. Kijana wa Mwanza anayeperuzi mnada wa Kijapani usiku anashindana na mtu wa Texas kwa gari moja.

Gari likishanunuliwa huanza awamu isiyo na fahari yoyote, nayo ndiyo inayoamua kama mmiliki atalifurahia au atalichukia. Kifaa cha kwanza ni mkanda wa taimingi. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini namba iliyo kwenye dashibodi ya gari la miaka 20 haipaswi kuaminiwa, maana kurudisha nyuma kilomita ni biashara ya zamani. Busara ni kuuhesabu mkanda kuwa umekwisha siku ile gari linaponunuliwa. Pamoja nao hubadilishwa kikaza mkanda, puli zake na pampu ya maji, ambayo huzungushwa na mkanda huohuo na imejificha nyuma yake. Anayebadilisha mkanda peke yake ili kuokoa pesa hulipa ufundi mara ya pili pampu inapoanza kuvuja miezi michache baadaye. Mkanda ukikatika injini ikizunguka, pistoni hukutana na valvu. Injini hii ina valvu 16, na zilizopinda humaanisha kufungua silinda hedi mbili badala ya moja, kwa sababu silinda zimegawanyika pande mbili.

Cha pili ni gasketi za silinda hedi, hasa kwa injini za EJ25 zisizo na turbo zilizojijengea sifa mbaya kwa hilo, ingawa EJ20 iliyowahi kuchemka nayo haisalimiki. Fundi anayezifahamu Subaru hulipima gari likiwa limelala usiku kucha. Hufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akajaza maji hadi mdomoni, akawasha, akasubiri. Mwanzoni vipovu vichache hupanda na kukoma, kwa kuwa ni hewa iliyokuwa imenaswa. Thamostati ikishafunguka na maji yakaanza kuzunguka, uso wa maji unapaswa kutulia. Vikiendelea kupanda vipovu vidogo vidogo bila kukoma, na kuongezeka anapokanyaga mafuta, basi gesi ya mwako inapenya kwenye njia ya maji. Fundi huyo hatazami injini tena. Anafikiria jinsi ya kuishusha. Kwenye Impreza silinda hedi zimebanwa na kuta za bodi kushoto na kulia, na kazi ya gasketi hufanyika vizuri injini ikiwa nje. Nyuso za hedi husawazishwa kwa mashine kabla ya kurudishwa. Gasketi yenyewe ni bei ndogo; kinacholipwa ni siku za fundi, mashine, maji mapya, oili mpya, na vifaa vyote ambavyo itakuwa upuuzi kutovibadilisha injini ikiwa imeinuliwa.

Dalili nyingine husomwa kwenye ekzosi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, kutoka kwenye ringi za pistoni, sili za valvu au turbo iliyochoka. Moshi mweupe unaodumu hata injini ikiwa ya moto ni maji. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa, na kwenye gari la turbo mara nyingi chanzo chake ni mpira wa hewa uliopasuka, kwa sababu hewa iliyokwisha kupimwa na sensa inavuja kabla ya kufika kwenye silinda. Mipira ya miaka 20 hukauka hata gari likikaa bandani. Bushi za mikono ya magurudumu, mipira ya vishikio vya injini na mabomba ya breki viko kwenye hesabu hiyohiyo. Hakuna kilicho ghali kikitazamwa kimoja kimoja, lakini jumla yake inaweza kufikia sehemu kubwa ya bei ya gari, na haimfanyi mtu yeyote ageuke barabarani kulitazama. Hapo ndipo vijana wengi hukata tamaa na kukimbilia rimu.

Baada ya hapo kuna gharama za kila mwezi. Impreza ya turbo ikitumika mjini hula lita moja kwa kilomita saba au nane hivi. Mwenye kutembea kilomita 15,000 kwa mwaka, kwa kilomita nane kwa lita, atanunua lita 1,875. Sedani ya kawaida ya ujazo wa 1,500 inayokwenda kilomita 14 kwa lita ingetumia lita 1,071. Tofauti ni lita 804 kila mwaka, na kila mmoja anaweza kuizidisha kwa bei inayotangazwa na EPRA ya Kenya tarehe 14 ya mwezi au na EWURA ya Tanzania Jumatano ya kwanza. Oili nayo haisamehe. Turbo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na wenye uzoefu huibadilisha kila kilomita 5,000. Hiyo ni mara tatu kwa mwaka kwa mtu huyo, takribani lita nne na nusu kila mara, ya daraja la juu na isiyo feki. Zaidi ya hapo, injini hizi hunywa oili kidogo baina ya huduma, na asiyechomoa kijiti cha kupimia kila wiki huweza kujua hilo siku ambayo beringi za konrodi zimeanza kugonga.

Suala la petroli lina upande mwingine usiojulikana sana. Impreza za soko la Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo pampu nyingi huiuza kwa oktani 100. Petroli ya kawaida ya Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Oktani ikipungua, mchanganyiko huweza kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na mgongano huo ndio unaovunja kingo za pistoni. Kontrolboksi, yaani kompyuta inayoongoza injini, ina sensa ya kuusikia mlio wa mgongano huo, na huchelewesha cheche ili kuiokoa injini. Gari linapoteza nguvu na linakula zaidi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inaongeza tatizo jingine, kwani hewa ni nyepesi na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikia shinikizo lilelile, hivyo hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo marekebisho ya kwanza yenye maana kwa gari la eneo hili ni kuipanga upya kontrolboksi kwa petroli inayopatikana kweli, hata bila kuongeza nguvu yoyote. Ni pesa isiyoonekana kwa macho, lakini hakuna inayoilinda injini kuliko hiyo.

Matairi yana sheria yake, na wengi hujifunza kwa kulipa. Magurudumu yote manne ya Impreza huvuta, na kati ya mbele na nyuma kuna difu ya katikati inayogawa nguvu. Tairi moja likiwa dogo kuliko mengine, hata kwa kuchakaa tu, difu hiyo hufanya kazi bila kupumzika na kupata joto hadi ife. Subaru hutaka mzunguko wa matairi usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Shimo la barabarani likichana tairi moja ambalo wenzake wamekwisha nusu, mmiliki wa Toyota Corolla hununua moja akaondoka. Mwenye Impreza hununua manne, au atafute lililotumika lenye kimo kilekile cha kashata.

Spea hutoka kwenye mitaa inayojulikana: Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan; Gerezani pale Kariakoo; Kisekka jijini Kampala. Nyuma ya maduka hayo kuna Sharjah, ambako makontena ya vifaa vilivyotumika hufunguliwa na kugawanywa kuelekea Mombasa na Dar es Salaam. Tatizo la injini ya mtumba ni kwamba huuzwa ikiwa sakafuni, haijawashwa mbele ya mnunuzi. Kinachowezekana ni kuizungusha kwa mkono kwa spana kwenye puli, kupima mgandamizo wa silinda kwa stata na betri, na kufungua sampu kutazama kama kuna chembe zinazong'aa kwenye oili. Muuzaji anayekataa hayo yote amekwisha kujibu swali. Jambo jingine ni kwamba EJ20 ni nyingi. EJ20G ya 1992, EJ20K ya 1996, EJ207 ya STI na EJ205 ya WRX ya kizazi cha pili hazibadilishani hivihivi; nyaya, sensa na kontrolboksi hutofautiana. Injini nzuri iliyonunuliwa bila nyaya zake na kontrolboksi yake huweza kukaa gerejini miezi ikisubiri vitu viwili ambavyo muuzaji alikwisha kuviuza kwa mtu mwingine.

Kuongeza nguvu kunaeleweka vizuri zaidi kwa kufuata mnyororo mmoja kuanzia mwanzo. Kijana ananunua ekzosi pana, akaondoa kichujio cha moshi kilicho karibu na turbo. Sauti inabadilika, na gari linaonekana kuamka. Kilichotokea ni kwamba turbo imepunguziwa kizuizi, shinikizo la hewa linapanda kupita lile ambalo kontrolboksi ililitegemea, na petroli haitoshi tena kwa hewa iliyoingia. Ama kontrolboksi itakata mafuta ghafla gari likiwa mwendoni, ama silinda zitafanya kazi na mchanganyiko mkavu na wa moto hadi pistoni ipasuke. Kwa hiyo ekzosi imeleta hitaji la kuipanga upya kontrolboksi. Kwa GD kazi hiyo hufanyika kwa kuunganisha kompyuta. Kwa GC8 za mwanzo kontrolboksi haikutengenezwa kwa ajili ya hilo, na mara nyingi hubadilishwa nzima. Fundi anayeipanga kontrolboksi akishalipima gari hukuta pampu ya mafuta na nozeli zimefika ukomo, akaomba kubwa zaidi. Nguvu zikiongezeka, klachi ya kiwandani huanza kuteleza kwenye gia ya tatu na ya nne. Klachi ngumu ikishafungwa, mzigo ambao zamani ulimalizikia kwenye kuteleza unaenda moja kwa moja kwenye giaboksi ya gia tano, ambayo meno yake ndiyo sehemu dhaifu inayojulikana zaidi ya gari hili. Mafundi wengi huhesabu nguvu za farasi 300 kama mpaka wake, na hata kabla ya hapo kuondoka kwa vishindo kwenye taa kunaweza kuimaliza.

Mnyororo haukomi hapo. Giaboksi ya gia sita ya STI ni imara, na wengi huiota. Lakini difu ya mbele iko ndani ya giaboksi, na uwiano wa meno yake lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Ikiwa ya mbele ni 4.444 na ya nyuma ni 4.111, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda kwa mwendo tofauti, na difu ya katikati itakufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo giaboksi hununuliwa pamoja na difu yake ya nyuma, propela shafti na shafti za magurudumu, na asiyeuliza hayo dukani hurudi tena dukani. Ekzosi iliyoanzisha safari hii sasa ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyofuata. Hapa ndipo hesabu za wengi hukosewa. Wao huuliza kifaa kinauzwa bei gani, na swali linalolipa ni kifaa hicho kitahamishia mzigo wapi.

Rimu na springi zina mnyororo wao. Impreza nyingi hutumia nati tano kwenye mduara wa milimita 100, lakini STI za kuanzia mwaka wa modeli 2005 hutumia milimita 114.3. Rimu nzuri iliyonunuliwa kwa picha huenda isiingie. Breki za Brembo za STI, ambazo ni marekebisho ya busara, haziingii ndani ya rimu za inchi 15 na huhitaji za inchi 17. Rimu za kuiga zilizo nzito na laini hupasuka kwenye mashimo, hasa zikivikwa tairi jembamba lisilo na nyama ya kupokea kishindo.

Kushusha gari ndiko kunakoumiza zaidi katika nchi za matuta. Sampu ya EJ iko chini, na ndani yake kuna bomba linalofyonza oili, mdomo wake ukiwa karibu sana na sakafu ya sampu. Gari lililoshushwa linapanda tuta la mtaani lisilo na rangi, sampu inagonga, chuma kinabonyea. Dereva anashuka, anachungulia, haoni oili ikivuja, anashukuru Mungu na kuendelea. Lakini sakafu iliyobonyea sasa imesogea hadi kwenye mdomo wa bomba, na pampu inafyonza kwa shida. Shinikizo la oili linapungua kidogo, kisha zaidi kwenye kona na kwenye mwendo mkali, na beringi za konrodi zinasagika bila mtu kujua. Wiki mbili baadaye injini inagonga. Springi fupi zilizouzwa kwa bei ya kuvutia zimegharimu injini nzima, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Kinga yake ni bamba la kulinda sampu, na kimo cha gari kilichopimwa kwa matuta ya mtaa wa mwenye gari, si kwa picha kutoka Japani.

Mafundi wenye heshima kwenye kazi hii hutoa ushauri mmoja wa kuanzia, hata ukipunguza kipato chao: breki, maji ya breki mapya, shokapu, bushi na matairi kabla ya nguvu. Maji ya breki hufyonza unyevu mwaka hadi mwaka. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa au wa Mai Mahiu, yakichemka, kanyagio huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Chupa ya maji hayo ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na hakuna namna ya heshima ya kueleza kwa nini gari lenye turbo mpya halikuwa nayo.

Bima huja na masharti yanayosomwa baada ya ajali. Kampuni nyingi huweka ukomo wa umri kwa bima kubwa, na gari la miaka 20 mara nyingi hubaki na bima ya mtu wa tatu peke yake, kwa maana kwamba likiibiwa au kuungua mwenyewe hubeba hasara yote. Inayokubali bima kubwa hutoza asilimia ya thamani, na thamani hiyo hutoka kwa mthamini anayetazama mwaka wa gari, si risiti za giaboksi. Marekebisho yasiyotajwa kwenye fomu huipa kampuni sababu ya kukataa madai, kwa kuwa mkataba wa bima husimama juu ya kusema ukweli wote. Ripoti ya mthamini yenye picha na orodha ya vifaa vilivyoongezwa hugharimu kidogo, nayo ndiyo inayobadilisha mazungumzo hayo.

Siku ya kuuza, marekebisho hayarudishi pesa zake. Mnunuzi wa gari lenye nguvu nyingi hujiuliza limeendeshwaje, na hupunguza bei kwa hofu hiyo. Kinachorudisha pesa ni vifaa vya kiwandani vilivyohifadhiwa: ekzosi ya asili, springi za asili, rimu za asili, na usukani uliokuja na gari. Mmiliki anayevitunza huuza gari mara moja kwa mpenzi wa kitu halisi na vifaa vya nyongeza peke yake kwa mtu mwingine, na mara nyingi jumla huwa kubwa kuliko kuviuza vikiwa vimefungwa. Daftari la huduma lenye risiti za mkanda, oili na gasketi lina thamani kuliko rangi mpya, ambayo huweza kuficha ajali.

Kisha kuna karatasi. Namba ya injini na rangi ya gari vimeandikwa kwenye logibuku ya Kenya na kwenye kadi ya gari ya Tanzania. Injini ya mtumba iliyofungwa bila kubadilisha taarifa hizo kwa NTSA ya Kenya au TRA hulifanya gari lionekane kuwa na injini ya mtu mwingine, na mnunuzi makini huondoka. Mabadiliko hayo hufanyika kwa urahisi wakati risiti ya injini na hati zake za forodha bado zipo mkononi. Miaka mitano baadaye duka limehama na risiti imepotea. Kwa sababu hiyo, anayenunua injini Gerezani au Kirinyaga Road huomba karatasi zake kabla ya kulipa, siku hiyohiyo injini inapopakiwa kwenye pikapu.